Bure ya Hisani Siyo Haki



Wiki mbili zilizopita kwenye kikao cha tawi letu, tulipofika kwenye "mengineyo", nilinyoosha mkono nikaomba kitu kidogo tu. Ofisi yetu ya kata huwa inafungwa Jumamosi mchana. Nikaomba ibaki wazi, tuweke meza mbili na zile kompyuta tulizonazo, vijana waje kujifunza kutengeneza magemu. Kikao kikaangua kicheko. Mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana maana alishalala mahabusu kwa ajili ya mageuzi wakati mimi sijajua kusoma, akanitazama akasema: "Kijana, wenzako tunadai Katiba Mpya, wewe unatuletea habari za gemu?"

Nikakaa. Kujibizana na mzee mbele ya kikao siyo adabu niliyofundishwa. Ila hapa ni uwanja wetu vijana, kwa hiyo namjibu hapa, na namuomba mzee wangu asome mpaka mwisho. Kwa sababu nikimsikiliza vizuri, yeye na mimi tunadai kitu kilekile.

Nianze na wasiojua injini ya gemu ni kitu gani. Gemu lolote unalocheza kwenye simu, liwe la mpira au la magari, chini yake kuna programu kubwa inayochora picha, inayojua mpira ukipigwa uende wapi na ukigonga mwamba urudi vipi, inayopiga sauti, inayosoma kidole chako. Hiyo ndiyo injini. Anayetengeneza gemu haianzi kazi hiyo sifuri, kama ambavyo fundi wa bodi za malori pale gereji hafui injini ya lori. Anaipata injini, yeye anajenga juu yake.

Sasa zamani injini hizo zilikuwa za wenye nazo. Unreal Engine ilitoka na gemu la Unreal mwaka 1998, na studio iliyotaka kuitumia miaka ile ilitoa mamia ya maelfu ya dola. Kijana wa Mbagala hakuwemo kwenye hesabu hiyo, na tuseme ukweli, hata kijana wa kawaida wa Marekani hakuwemo.

Halafu mambo yakageuka. Oktoba 2009 Unity, kampuni iliyozaliwa Denmark, ikatoa toleo la bure. Mwezi uliofuata Epic, wenye Unreal, nao wakatoa kifurushi cha bure cha kujifunzia. Mwaka 2014 Epic wakaweka Unreal Engine 4 kwa dola 19 kwa mwezi, na Machi 2015 wakaondoa hata hizo 19. Leo unaichukua yote, na msimbo wake unaruhusiwa kuusoma, na mrabaha wa asilimia 5 hudaiwi mpaka gemu lako liingize dola milioni moja. Mwanafunzi na mtu anayejifurahisha tu nyumbani hawadaiwi hata senti. Matunda yake tumeyaona. Hollow Knight, gemu lililotikisa dunia mwaka 2017, lilitengenezwa na kikundi cha watu wachache tu huko Adelaide, Australia, kwa Unity. Na mzee wangu asidhani ni magemu peke yake: mandhari za tamthilia ya The Mandalorian zilikuwa zikichorwa na Unreal kwenye ukuta wa skrini nyuma ya waigizaji. Wasanifu majengo wanazitumia kumtembeza mteja ndani ya nyumba ambayo haijachimbwa hata msingi.

Sasa mimi. Chuo nilichosoma, sikitaji, kilitufundisha kuchora michoro ya 3D kwa programu za kukraki. Mwalimu anakuja na flashi, anazima antivirusi, anaingiza programu yenye bei ambayo darasa zima tukichanga hatuifikishi, halafu anatuambia tusiseme. Nilimaliza na cheti cha ujuzi ambao nisingeweza kuuonyesha kwa mteja makini, maana swali la kwanza lingekuwa: leseni yako iko wapi? Nimekutana na vijana wengi wa hivyo. Tunaitwa wataalamu wa kompyuta, lakini kila tulichonacho ni cha wizi, na mtu mwenye kitu cha wizi hata sauti yake huwa ndogo.

Kwa hiyo siku nilipopata injini ya bure yenye leseni halali, jina langu mwenyewe, sikuichukulia kama zawadi ya mchezo. Kilikuwa kitu cha kwanza cha kweli kwenye maisha yangu ya kompyuta ambacho sikuhitaji kukificha.

Ila kuipata! Laptopu yangu ni ya mtumba, nimeinunua Kariakoo, RAM 4. Injini moja kubwa niliyoitaka inakula makumi ya GB kabla hujaweka picha hata moja. Nikapiga hesabu ya bando, nikakuta ni karibu kodi yangu ya chumba. Nikaamua bando la usiku, naamka saa sita, naanza kushusha. Usiku wa tatu, saa tisa hivi, umeme ukakatika, betri ya laptopu yenyewe inakaa dakika kumi. Asubuhi faili limeharibika, naanza upya. Wenzangu mnacheka kwa sababu mnajua.

Siku hizi nina gemu langu, halijaisha. Wewe ni konda wa daladala ya Mbagala. Unapanga abiria, unakusanya nauli, unakwepa tochi ya trafiki, na wanafunzi wanakusubiri kituoni na mia mbili zao. Ukiwaacha unapata pesa zaidi, lakini kuna kitu kinashuka kwenye gemu ambacho sikwambii, utajionea. Dada yangu mdogo amelicheza akaniambia, "Kaka, huyu konda ni yule wa asubuhi kabisa!" Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Sasa nifike nilipokuwa naelekea.

Tarehe 12 Septemba 2023, Unity wakatoa tangazo. Kuanzia 1 Januari 2024, mtengenezaji atalipa kila mara gemu lake linapoingizwa kwenye kifaa cha mtu, hadi senti 20 za dola kwa mara moja, akishavuka viwango walivyoweka wao. Kwa leseni ya bure kiwango kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na gemu liwe limeingizwa mara 200,000. Na magemu yaliyokwisha kutoka miaka ya nyuma nayo yamo! Ni kama umejenga nyumba, umehamia, umeoa humo, halafu mwenye kiwanda cha matofali anabisha hodi: kuanzia mwakani kila mgeni atakayepita mlangoni kwako utanilipa.

Watengenezaji hawakwenda kupiga magoti. Walijipanga. Studio kadhaa za magemu ya simu zilizima matangazo ya Unity kwenye magemu yao, yaani waliwagusa kwenye mfuko. Re-Logic, wenye gemu la Terraria, wakatoa dola 100,000 kwa injini huria ya Godot, na kiasi kama hicho kwa mradi mwingine huria. Siku kumi baada ya tangazo Unity wakaomba radhi, wakawaondoa kwenye ada ile wenye leseni ya bure na magemu ya zamani. Oktoba mkurugenzi wao mkuu akaondoka. Na Septemba 2024 ada yenyewe ikafutwa kwa watengenezaji wote wa magemu, na kiwango cha leseni ya bure kikapandishwa kutoka dola 100,000 hadi 200,000.

Kuna mshikaji wangu, fundi simu pale Rangi Tatu, aliniuliza swali la maana: "We na RAM yako 4, hizo dola laki mbili utazipata wapi? Ada ile isingekugusa. Unalia msiba wa nani?" Kweli, isingenigusa. Mimi hata senti moja sijaingiza. Lakini siongelei bei, naongelea kalamu iko mkononi mwa nani. Miaka miwili natumia usiku wangu kujifunza chombo, vidole vinazoea, akili inazoea, halafu siku moja mtu asiyenijua anafuta sentensi kwenye mkataba na kuandika nyingine. Leo sentensi hiyo inawahusu wenye dola laki mbili. Kesho? Anayeandika ni yeye.

Na tusidanganyane kwamba makampuni haya yanatuhurumia. Wanampa mwanafunzi bure leo kwa sababu kesho ndiye atakayeajiriwa na studio inayolipa. Sioni ubaya, ni biashara, na mimi nimefaidika. Ila ujue umekaa kwenye baraza ya mtu. Baraza ni nzuri, ina kivuli, chai unaletewa. Siyo yako.

Makamanda, sisi kati ya watu wote tunapaswa kuielewa hali hii bila kuelezwa mara mbili. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku, wakati sheria ya vyama vya siasa inatupa haki hiyo na Katiba inatambua uhuru wa kukusanyika. Tarehe 3 Januari 2023 Rais akatangaza kuiondoa marufuku ile. Tukashangilia, wengine tukashukuru mpaka tukapitiliza. Tulishukuru nini? Tulirudishiwa cha kwetu kwa tamko, na kilichotolewa kwa tamko kinachukuliwa kwa tamko. Agosti 2024 vijana wakataka kukutana Mbeya kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani, polisi wakapiga marufuku, wakakamatwa mamia. Sasa mzee wangu, aliyepewa ruhusa ya kukutana na aliyepewa ruhusa ya kutumia injini, wote wawili wanaishi kwa ruhusa. Wewe unadai Katiba Mpya ili kalamu itoke mkononi mwa mtu mmoja. Na mimi nadai hivyohivyo.

Ndiyo maana nikaenda Godot. Hii injini haikutoka California. Ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na Februari 2014 wakaiweka wazi chini ya leseni ya MIT, moja ya leseni fupi kuliko zote, inaenea kwenye ukurasa mmoja. Inasema uitumie, uibadilishe, uigawe, uiuze, sharti ubaki na tamko lao la hakimiliki. Hakuna mrabaha, hakuna kiwango cha mapato. Hata wenyewe wakibadilika kesho asubuhi, toleo lililoko kwenye flashi yangu haliwezi kurudishwa. Ukitaka kuitafsiri kwa Kiswahili huombi kibali kwa mtu. Na programu yenyewe haifiki MB 200! Inaingia kwenye flashi ya bei ya chipsi mayai, inafunguka kwenye laptopu yangu bila kulalamika, na baada ya hapo haihitaji intaneti kukuthibitisha kwamba wewe ni wewe.

Wanaoidharau waangalie Brotato au Buckshot Roulette, yamefanywa na watu wachache sana na yameuza vizuri duniani. Lakini sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Kwa michoro mizito ya 3D Unreal bado iko mbali sana mbele, na ukitaka ajira kwenye studio kubwa watakuuliza Unity au Unreal, hawatakuuliza Godot. Jifunze hizo pia. Kanywe chai barazani, ila uwe na kwako pa kulala.

Hapa ndipo serikali inapoingia, maana najua mmekuwa mkisubiri.

Kila kiongozi akishika maikrofoni anatuambia "vijana jiajirini". Vizuri. Kampuni ya Marekani imempa kijana wa Mbagala chombo cha mamilioni bila kumdai shilingi. Nchi yake mwenyewe, mwaka 2018, ilimtaka anayeandika blogu alipe ada za kuomba na za leseni zinazozidi shilingi milioni mbili kabla hajaandika neno. Baadaye wakalegeza, baada ya kelele. Oktoba 2023 wakatutaka tukajiandikishe ikiwa tunatumia VPN. Huo ndio moyo wa watu wanaotaka tujiajiri: kila mlango wa mtandao kwanza waweke karani, halafu waulize unakwenda wapi. Mwaka 2024 walianza mkondo wa amali sekondari, na wazo lenyewe silipingi, nalisifu. Ila nenda shule ya kata uliyosoma wewe, uliza chumba cha kompyuta kiko wapi. Ukikipata, uliza ufunguo uko kwa nani.

Ninachotaka kiingie kwenye ilani yetu siyo kikubwa. Fedha ya umma ikitumika kufundishia kompyuta, iwe shuleni au VETA, chombo huria kitumike kwanza pale kilipo, ili mtoto akimaliza aondoke nacho mkononi, asiache ujuzi wake kwenye kompyuta ya shule yenye leseni ya mwaka mmoja. Na vyuo vikuu vyetu vya umma viweke nakala za programu hizi na vitabu vyake kwenye seva zilizoko hapahapa nchini, wanafunzi wanakili kwa flashi kutoka shule hadi shule. Hilo halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini yenye posho. Linahitaji mtu mmoja anayejua kazi na diski moja kubwa.

Mwenzetu mmoja akaniambia hayo yote yatasubiri tukishika dola. Hapana kaka. Godot ilikaa miaka mingi ikidharauliwa, haina matangazo, inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango midogo. Unity walipokosea mwaka 2023, watu walikuwa na pa kukimbilia kwa sababu kuna waliokuwa wameshajenga. Wasingekuwepo, ule mgomo ungeishia kwenye kulalamika, maana ungewaambia nini Unity, kwamba utaondoka uende wapi? Blender, ya kuchora 3D, nayo ilikombolewa na watu wa kawaida: mwaka 2002 walichanga euro 100,000 kwa wiki saba, wakainunua kutoka kwa wawekezaji wake, wakaiweka huru. Walichanga kwanza, hawakusubiri kushika chochote.

Nasikia pia hoja kwamba magemu yanapoteza vijana, kwamba tayari tuna kizazi kilichopotelea kwenye kubeti. Hiyo hoja ina uzito, nami naichukia mikeka kuliko mnavyodhani, nimemzika rafiki kwa ajili ya madeni yake. Lakini hayo ni magemu tuliyoletewa tuyacheze. Mtoto aliyekaa miezi mitatu anatengeneza gemu lake anajua namba za bahati zinavyopangwa na programu, anajua mwenye programu hashindwi. Nimewaonyesha vijana wawili wa mtaani kwetu mistari sita tu ya msimbo inayofanya mashine ya kubeti ishinde kila siku. Mmoja aliniomba nirudie. Kisha akakaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nampigia hesabu nani?"

Mzee wangu, hilo ndilo darasa ninalolitaka Jumamosi.

Jana nilikwenda nyumbani kwake na laptopu. Nilimuamkia, nikamkalisha kwenye kochi, nikampa ukonda. Akaendesha vibaya, akaacha wanafunzi kituo cha kwanza, cha pili akasimama akawapakia wote, basi likajaa, mapato yakashuka, trafiki akamkamata. Akaniuliza, "Huyu trafiki anataka ngapi?" Nikamwambia hiyo sehemu sijaimaliza. Akasema niimalize, na funguo za ofisi ya kata nizifuate kwake Ijumaa jioni.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa nane mchana, ofisi ya kata. Tuna laptopu tatu, moja haina betri, inabidi ikae karibu na soketi. Mwenye ekstensheni aje nayo. Njoo na flashi tupu ya GB 4 au zaidi, utaondoka nayo imejaa. Kadi ya chama hatuulizi.